Dakika 41 za Kiingereza: vitu vitano nilivyojiandalia mtihani wa GRE

Sehemu ya Kiingereza katika GRE, mtihani wa kuombea nafasi ya masomo ya uzamili au uzamivu, huchukua dakika 41 tu: dakika 18 kwa maswali 12 ya kwanza, kisha dakika 23 kwa maswali 15 yanayofuata. Kwa ajili ya dakika hizo nilijiandaa miezi minne, karibu yote usiku. Nafanya kazi maabara, na zamu ya usiku ina vipindi vya kungoja mashine imalize kuzungusha sampuli. Humo ndimo nilimosomea.

Katika miezi hiyo nilitumia vitu vitano: kitabu cha kuazima, programu ya simu ya kufundisha maneno, kozi ya video ya kulipia, kadi za Anki, na majaribio mawili ya bure ambayo ETS, watungaji wa mtihani wenyewe, wameyaweka mtandaoni kwa jina la POWERPREP. Naandika kilichonifaa na kisichonifaa, kwa sababu mwanzoni nilihitaji sana mtu wa kuniambia haya kwa lugha ninayoiwazia.

Alama za sehemu hii huanzia 130 na kuishia 170. Nilipofanya jaribio la kwanza, baada ya zaidi ya mwezi mmoja wa kukariri maneno, nilipata 149. Jaribio la pili, wiki mbili kabla ya mtihani, lilinipa 156. Siku yenyewe nikapata 158. Lengo langu lilikuwa 155, kwa hiyo naandika nikiwa nimeridhika, ila pia nikijua ni muda kiasi gani ulipotea bure.

Kitabu nakimaliza haraka. Niliazimwa na mtu mwenye nia njema kabisa. Kilikuwa na kurasa nyingi za vinyume na za jozi za maneno, zile za "hiki kwa hiki ni kama kile kwa kile". Nilizifanya kwa wiki mbili, kwa bidii, na penseli mkononi. Maswali ya aina hizo yaliondolewa kwenye GRE mwezi wa Agosti 2011, wakati ule ule alama zilipoacha kuhesabiwa kati ya 200 na 800. Halafu tarehe 22 Septemba 2023 mtihani ukafupishwa tena, kutoka karibu saa tatu na dakika 45 hadi saa moja na dakika 58. Vitabu vya kabla ya hapo vitakupa maswali 20 kwa dakika 30, na insha mbili badala ya moja. Maswali ya vitabu vilivyotoka kati ya miaka hiyo miwili bado yanafaa kwa mazoezi kwa sababu aina zake hazikubadilika, ila usijipime muda kwa kuvifuata. Kabla ya kufungua sura ya kwanza, tazama mwaka wa kuchapishwa. Mimi sikutazama.

Programu ya simu ndiyo iliyoniuma zaidi, maana niliiamini. Iliahidi maneno elfu moja "yanayotoka kwenye mtihani". Kila neno lilikuwa na tafsiri ya neno moja, picha, na kengele ndogo ya kukupongeza. Baada ya wiki tano ilikuwa imenipongeza mara nyingi sana, na maswali ya kujaza nafasi yalikuwa yananishinda vilevile.

Nilichelewa kuelewa kwa nini. Maneno makubwa, yale yanayotisha kwa sura, hayakuwa tatizo langu kubwa. Yaliyonigharimu ni maneno madogo ambayo nilidhani nayajua tangu shule ya msingi. "Want" nilijua ni kutaka. Kwenye vifungu vya mtihani mara nyingi ni upungufu: kitu kimeshindikana kwa kukosekana kwa kingine. "Check" nilijua ni kukagua, kumbe pia ni kuzuia kitu kisiendelee. "Flag" ni bendera, na pia ni kulegea, kama hamu inavyolegea mtu akichoka. "Pedestrian" ni mtembea kwa miguu, lakini ukiambiwa maandishi ya mtu ni "pedestrian" wanamaanisha ni ya kawaida mno, hayana ladha. Programu ile ilitafsiri "sanction" kuwa adhabu, ikaishia hapo. Neno hilo hilo ni ruhusa rasmi pia, na sentensi nzima huweza kusimama au kuanguka kwa kuchagua maana moja kati ya hizo mbili.

Mbaya kuliko yote lilikuwa "qualified". Mimi nina vyeti, najua mtu "qualified" ni yupi. Ila mtaalamu akitoa "qualified support" kwa wazo fulani, ameliunga mkono kwa masharti, ameliwekea mipaka. Nilisoma kifungu kizima nikiamini mwandishi wake analishangilia wazo lile kwa moyo wote. Maswali matatu yalifuata, nikakosa yote matatu.

Nikaifuta programu ile, nikaenda kwenye Anki, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mambo yalipoanza kugeuka.

Anki ni programu ya kadi, ya bure kwenye kompyuta. Kadi ina mbele na nyuma. Unatazama mbele, unajijibu, unaifunua, kisha unaiambia ilikuwa ngumu au rahisi. Iliyokushinda inarudi baada ya muda mfupi, uliyoijua inapelekwa mbali, siku nne, kisha wiki mbili, kisha mwezi na zaidi. Chimbuko la wazo hili ni la zamani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima alivyokuwa akizisahau, akachapisha matokeo mwaka 1885. Mtu wa maabara hawezi kukosa kumheshimu mtu aliyejigeuza sampuli yake mwenyewe.

Kwanza nilipakua rundo la kadi lililotengenezwa na wengine. Nililiacha siku ya tisa. Nyuma ya kila kadi palikuwa na maelezo ya Kiingereza yaliyohitaji kadi nyingine ya kuyaeleza. Nikaanza kutengeneza zangu, na nikajiwekea kanuni tatu. Mbele ya kadi pakae sentensi kamili ya Kiingereza niliyokutana nayo kwenye zoezi, neno langu likiwa limekolezwa wino. Nyuma pakae Kiswahili, kile ninachokisema mdomoni kila siku, hata kama kamusi haikubali. Na chini kabisa niandike neno ninalolichanganya nalo.

Maneno yakaanza kukaa. "Obsequious" nilikuwa nimelisoma mara kumi kwa maelezo ya Kiingereza na kila mara likateleza. Siku nilipoandika "anayejikomba" sikulisahau tena, kwa sababu kujikomba kuna kila kitu ndani yake: unyenyekevu wa uongo, anayenyenyekewa, na faida inayowindwa. "Capricious" ikawa kigeugeu. "Laconic" ikawa mchache wa maneno. "Mitigate" ikawa kupunguza makali. "Recalcitrant" ikawa mkaidi wa kutosikia la mtu. "Venal" ni mtu wa kununulika, anayekula rushwa. "Venial" ni kosa dogo la kusameheka. Haya mawili nililazimika kuyaweka kwenye kadi moja, yakitazamana, ndipo yakaacha kubadilishana nguo. Vivyo hivyo "ingenuous", mtu mnyoofu asiye na hila, na "ingenious", mtu mbunifu.

Yapo pia maneno yaliyokataa kuingia kwenye kadi moja. "Belie" lilinichukua siku mbili. Tabasamu linaweza "belie" hasira: linaificha, linaonyesha sura isiyo ya kweli. Takwimu nazo zinaweza "belie" dai: hapo zinaliumbua. Kuficha na kuumbua kwa Kiswahili ni vitu viwili vinavyopingana, na kwa Kiingereza vimebebwa na neno moja. Nikatengeneza kadi mbili, nikaandika sentensi mbili, nikaendelea.

Nilifika kadi 412 na hapo nikasimama. Najua wapo wanaofika elfu tatu. Mimi kila usiku nilirudia kadi kati ya 40 na 60, si zaidi ya dakika 20, na kila kadi ilikuwa imetoka kwenye swali nililolikosa au sentensi iliyonikwamisha. Neno ambalo halijawahi kunikwamisha sikulitafuta.

Halafu kuna kundi la vijineno ambavyo hakuna orodha ya msamiati inayovifundisha, na natamani mtu angenipa karatasi yake siku ya kwanza. "Anything but", "all but", "nothing but", "nothing if not". Mtu akiwa "anything but careless", si mzembe hata kidogo. Kazi ikiwa "all but finished", imekaribia kabisa kwisha. "Nothing but" ni tu, hakuna kingine. "Nothing if not" ni kweli hasa, hiyo ndiyo sifa yake kuu. Nilikosa "all but" mara tatu katika wiki moja, kila mara nikiisoma kama "yote isipokuwa". Hivi navyo nilivipa kadi, na ndizo kadi zilizonilipa kuliko zote.

Kwa wasiojua, sehemu hii ina aina tatu za maswali. Karibu nusu ni ufahamu, kama ule wa shuleni ila umekazwa. Yaliyobaki ni kujaza nafasi, yenye nafasi moja, mbili au tatu, pamoja na yale ya kuchagua maneno mawili kati ya sita ambayo yote yakiwekwa kwenye sentensi yanaipa maana moja. Kwenye kujaza nafasi, ukikosa nafasi moja kati ya tatu umekosa swali zima. Hakuna nusu alama.

Kozi ya kulipia ndiyo iliyonifundisha kusoma sentensi kabla ya kutazama majibu, na kwa hilo naishukuru. Mwalimu wake alikuwa na subira. Alitufundisha kufunika majibu kwa mkono, kutafuta kiunganishi, na kujaza nafasi kwa neno letu wenyewe, hata liwe baya. Mimi nilianza kufanya hivyo kwa Kiswahili kichwani na kasi yangu ikapanda. Chukua mfano huu nilioutunga kwenye daftari kujifundisha mwenyewe:

"Licha ya kusifika kwa ubahili, mzee yule aliwashangaza wote kwa ______ wake."

Chaguo ni ukarimu, uchoyo, werevu, utoaji, ukali, unyimivu. Kiunganishi ni "licha ya", kwa hiyo nafasi inataka kinyume cha ubahili. Ukarimu na utoaji ndiyo jibu. Sasa tazama mitego. Uchoyo na unyimivu ni visawe safi kabisa, na mtu aliyekimbilia kutafuta visawe bila kusoma sentensi atavikamata kwa furaha. Werevu nao unaweza kukaa kwenye sentensi bila kelele, lakini hauna mwenzake katika orodha. Watungaji wanafanya hivi hivi kwa Kiingereza. Nilipoielewa mitego hii miwili kwa lugha yangu, niliacha kuingia ndani yake kwa lugha yao.

Udhaifu wa kozi ile ulikuwa kwenye mazoezi yake. Mengi yalipimwa kwa neno gumu lisilotumika, si kwa mantiki ya sentensi. Mara kadhaa majibu mawili yalifaa, na maelezo yalijikunjakunja kutetea moja. Ukifanya maswali ya namna hiyo kwa miezi, unajifunza kubishana na mtunzi badala ya kumsikiliza. Nilimaliza video zote, lakini benki ya maswali niliiacha njiani.

Humo humo, hata hivyo, ndimo lilimotoka kosa lililonifundisha zaidi. Kilikuwa kifungu kuhusu bakteria na jinsi baadhi yao wanavyostahimili dawa. Nikafurahi. Bakteria ni kazi yangu, nawatazama kwenye darubini kila usiku. Nilisoma haraka, nikajibu maswali manne, nikakosa matatu. Nikarudi nikiwa nimekasirika, na nikaona kwamba majibu yangu yote yalikuwa kweli. Yalikuwa kweli maabara, ila hayakuwemo kwenye kifungu. Mwandishi alikuwa ameeleza sababu moja tu, na hata hiyo aliieleza kwa tahadhari, akitumia maneno ya "huenda" na "katika baadhi ya hali". Mimi nilijibu kwa niaba ya sayansi nzima. Vifungu vya mtihani huu hugusa sayansi, historia, sanaa, biashara, lakini hakuna hata kimoja kinachodai uwe unajua jambo hilo kabla. Tangu usiku ule nilijiwekea sharti: sibofyi jibu mpaka kidole changu kiwe kimegusa mstari unaolibeba. Kwenye vifungu vinavyohusu kazi yangu nilikuwa mkali zaidi, nikisoma kama mtu aliyeingia maabara kwa mara ya kwanza.

Sasa majaribio ya bure ya watungaji. Hiki ndicho kitu ambacho ningeanza nacho, na ambacho ningemshauri mtu yeyote akitumie kwa heshima. Ni majaribio mawili kamili, unajisajili na kuyafanya kwenye kompyuta. Skrini ni kama utakayoikuta, saa inahesabu kurudi nyuma vilevile, na kipo kitufe cha kulitia swali alama ili ulirudie kabla muda wa sehemu hiyo haujaisha. Sehemu ya pili hubadilika kufuatana na ulivyofanya ya kwanza: ukifanya vizuri inakuja ngumu zaidi. Yapo mengine ya kulipia, lakini haya mawili yananitosha kusema ninachotaka kusema.

Maswali yake yana uadilifu ambao sikuuona kwingine. Jibu likiwa sahihi, lipo neno kwenye sentensi linalolithibitisha, na jibu likiwa mtego, lipo neno linalolikataa. Hutegemei kubahatisha wala kujua neno la ajabu. Kwa sababu hiyo kosa lako linaweza kuchunguzwa mpaka mwisho wake.

Na hapo ndipo kazi ilipo. Baada ya jaribio la kwanza nilikuwa na makosa 13. Nilichora safu tatu kwenye daftari: nilichochagua, kilichonivuta nikichague, na neno lililokuwepo kwenye sentensi ambalo lingenizuia. Safu ya pili ni chungu kuiandika kwa sababu inataka ukweli. Ilinichukua zamu tatu. Nilipomaliza nikahesabu: makosa manne tu yalitokana na maneno nisiyoyajua. Tisa yalikuwa ya kiunganishi nilichokiruka, au ya kujibu kwa nilichokijua badala ya nilichokisoma, au ya muda kuniishia. Nami nilikuwa nimetumia zaidi ya mwezi mmoja, kila nafasi niliyoipata, kukariri maneno.

Jaribio la pili nikaliweka akiba hadi mwishoni. Ukishayaona maswali yake, ukilirudia halikupimi tena sawasawa, kwa hiyo usilifungue kwa udadisi. Kati ya majaribio hayo nilifanya vipande vya dakika 18 na dakika 23, saa ya ukutani ikiwa mbele yangu, simu ikiwa kabatini.

Kuhusu muda nina maoni makali kidogo. Maswali 12 kwa dakika 18 ni dakika moja na nusu kila moja, lakini hayalingani hata kidogo, ilhali kila moja ndani ya sehemu hiyo lina uzito ule ule. Swali la nafasi moja lina chaguo tano. La nafasi tatu, kila nafasi ina chaguo tatu, kwa hiyo yapo majibu 27 yanayowezekana na moja tu ni sahihi. La maneno mawili kati ya sita lina jozi 15. Nilipoyahesabu haya niliacha kung'ang'ana na nafasi tatu kwa dakika tatu nzima. Nikawa naanza na maswali mafupi ya sentensi, nikijipa kama dakika moja kila moja, kisha ufahamu, na ya nafasi tatu yakiwa mazito nayatia alama na kuyarudia mwisho. Jibu baya haliondoi alama, kwa hiyo hakuna swali la kuachwa tupu. Kwenye jaribio la kwanza niliacha mawili tupu, na hadi leo sina sababu ya kuyatetea.

Insha nayo ipo, ingawa alama zake zinahesabiwa peke yake, kuanzia 0 hadi 6 kwa hatua za nusu. Ni moja, ya dakika 30, na ndiyo inayofungua mtihani. Orodha nzima ya mada zake imewekwa hadharani kwenye tovuti ya ETS, jambo ambalo watu wengi niliozungumza nao hawakulijua. Nilichagua mada moja kila wiki bila kuangalia, nikaandika saa ikitembea. Jambo moja la muhimu: sehemu ya kuandikia kwenye mtihani haikusahihishii tahajia. Zima kirekebisha tahajia kwenye kompyuta yako tangu siku ya kwanza ya mazoezi, maana vidole vikizoea kusahihishwa huacha kujali. Nilipata 4, na kwa mtu anayeandika ripoti za mistari mitano kazini niliona inatosha.

Siku ya mtihani haikuwa na maajabu. Hakuna mapumziko yaliyopangwa, unaanza na insha na unaenda moja kwa moja hadi mwisho. Kwenye sehemu ya pili ya Kiingereza nilikutana na "all but" katika sentensi ya tatu au ya nne, na nilitabasamu peke yangu mbele ya skrini. Alama za Kiingereza na hesabu zilitokea palepale mwishoni, kabla ya zile rasmi. Ningeweza kurudia baada ya siku 21, lakini alama zinadumu miaka mitano na sikuona sababu.

Ukiniuliza ununue nini: kama unajua kujisimamia, majaribio ya bure na Anki vinakutosha, na muda utakaouokoa uweke kwenye daftari la makosa. Kozi nunua ikiwa huna mtu wa kukuonyesha jinsi ya kusoma sentensi ya Kiingereza yenye matawi mengi, na ukiinunua, chukua mafunzo yake ya usomaji, maswali kafanye ya watungaji. Programu za "maneno elfu" sishauri kabisa, hata za bure.

Mwenzangu wa zamu naye sasa amejiandikisha. Aliniomba kadi zangu 412 nimtumie kwa barua pepe.

"Kadi sikupi, kaka," nilimwambia. "Makosa yale ni yangu. Nitakupa karatasi ya 'all but' na wenzake, halafu leo usiku fanya jaribio la kwanza."

Alinuna kidogo. Juzi, mashine ikiwa inazunguka, akaja na kipande cha karatasi ya lebo alichokiandika nyuma.

"Dada, 'enervate' nilidhani ni kutia nguvu, kwa sababu inafanana na 'energy'. Kumbe ni kummaliza mtu nguvu. Nimeandika hivyo nyuma ya kadi. Sawa?"

"Sawa. Na mbele umeandika nini?"

"Neno lenyewe."

Nikamrudishia karatasi, nikamwambia atafute sentensi.